Vizibo au vifuniko vya masikio kwa kazi ya grainda, chenye namba kubwa kwenye boksi ndo bora?

Mzee_wa_Cheche:

Wakuu habari za kazi. Mimi ni fundi vyuma, karakana yetu ni ya kukata na kuchomelea, tuko watu 9 chini ya bati moja na kila mtu na mashine yake. Grainda zinalia kutwa, kuna mashine ya kukatia bomba pale pembeni, na kompresa ambayo ikianza kujaza upepo hata simu ikiita mfukoni hujui. Huu ni mwaka wangu wa 6 hapo na ndo nimeanza kuona mambo. Jioni nikifika nyumbani masikio yanalia wiiiiii, yaani sauti nyembamba haikati, nikilala asubuhi inakuwa imepungua. Mke wangu ananilalamikia tivii naweka sauti ya juu mpaka majirani wanasikiliza taarifa ya habari bure, mimi naona iko kawaida tu.

Bosi kaleta boksi la vile vizibo vya sponji vya rangi ya machungwa, vya kubinya na kuingiza sikioni. Kwangu havikai. Dakika kumi tu kimoja kiko shingoni, kingine kiko chini kwenye vumbi la chuma, na nikikirudisha na mikono hii yenye grisi sikio linaanza kuwasha. Jamaa mwingine kajinunulia vile vikubwa vya kufunika sikio zima kama hedfoni za madijei, anasema ndo mpango mzima. Nimeingia mtandaoni kutafuta vya kwangu, nakuta kimoja kimeandikwa NRR 33, kingine SNR 37, kingine SNR 27, nimechanganyikiwa kabisa.

Nichukue tu chenye namba kubwa kuliko vyote nimalize mjadala? Halafu miwani ya kuzuia cheche navaa muda wote, vile vikubwa vitakaa juu yake? Na nisipomsikia mwenzangu akisema "zima" si ndo balaa jingine? Mwenye uzoefu anisaidie.

randa_mbili:

Weka pamba tu mkuu, mambo ya namba ni ya wauzaji. Mimi miaka 11 kwenye mashine za mbao, pamba asubuhi, pamba mchana, na nasikia vizuri.

Bi_Kiraka:

@randa_mbili unasikia au umezoea? Pamba inapitisha karibu kila kitu, inapunguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa kelele) chache tu, na hatari yake ni kwamba inakupa moyo wa kukaa karibu na mashine ukidhani umejikinga. Hata hedfoni za muziki nazo usiziweke kwenye hesabu, watu wanaongeza sauti ya muziki ishinde mashine, masikio yanachapwa mara mbili.

Sasa Mzee wa Cheche. Mimi nashughulika na usalama kazini, huwa nazunguka kiwandani na kipima kelele, na hilo swali la namba kubwa naulizwa kila nikifungua boksi jipya. Jibu langu ni hapana, ila nielezee maana ukilielewa hili mengine yatakuja yenyewe.

NRR ni kipimo cha Marekani, SNR ni cha Ulaya, zote zinasema kifaa kinapunguza desibeli ngapi. Usizilinganishe moja kwa moja maana zinapimwa na kukokotolewa tofauti, kifaa hicho hicho mara nyingi SNR yake inasomeka juu kuliko NRR. Na zote zimepatikana maabara, mtu kakaa kimya, kavalishwa vizuri, hana jasho, hageuzi shingo, hana haraka ya kumaliza geti la mteja. Karakanani huipati hiyo namba. Wamarekani wenyewe kupitia OSHA yao, mamlaka ya usalama kazini, wana hesabu ya kushusha, chukua NRR toa 7 halafu gawa kwa 2. Kwa hiyo hiyo NRR 33 yako inakuwa 13! Kama grainda inakupiga desibeli 100, sikioni unabaki na 87.

Na 87 bado sio salama kwa siku nzima. NIOSH, ile taasisi yao ya utafiti wa usalama kazini, wanasema 85 kwa masaa 8, na kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. 88 ni masaa 4, 91 masaa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 ni robo saa tu. Robo saa! Wewe unapiga grainda robo saa kabla hata ya kunywa chai. Watu wanaona 100 na 97 ni karibu sawa kwa vile tofauti ni 3, kumbe desibeli hazijumlishwi kama shilingi, hiyo 3 ni nguvu ya kelele mara mbili.

Lakini kuna jambo linauma kuliko namba, nalo ni muda wa kuvaa. Tuseme umepata kifaa kinachopunguza 30 kwelikweli, umevaa shifti nzima ya masaa 8, ila humo ndani umekivua jumla nusu saa tu, hapa dakika 3 unaongea na mteja huku wenzako wanakata, pale dakika 5 umekisahau. Ulinzi wako wa siku sio 30 tena, ni 12. Ukikivua nusu ya muda unabaki na 3. Sitanii, ni hesabu ya nguvu ya kelele, ile nusu saa ya wazi kwenye 100 peke yake inabeba kelele nyingi kuliko masaa mengine yote saba na nusu uliyojikinga. Ni kama bati zima lenye tundu moja juu ya kitanda.

Kwa hiyo mwenye kifaa cha 20 anachovaa mwanzo mwisho anamshinda mwenye kifaa cha 37 anachovua kila akiitwa. Kwako naanzia hapo. Sponji zinadondoka, maana yake siku nzima uko wazi hata kama boksi limeandikwa 50.

Mzee_wa_Cheche:

Aisee 12?? Basi mimi hata hiyo sijafika, maana vikidondoka mara ya tatu huwa naviacha mfukoni. Ila sponji sio kwamba nakataa kuvaa, havikai tu, tundu zangu ndogo au vipi?

nyuzi_usiku:

Wengi wanaodhani vinadondoka, kumbe hawajaviingiza. Nimeona mtu anabinya kidogo kama anabinya chunusi, anagusisha mlangoni mwa sikio, kisha anaenda. Nusu ya kizibo kiko nje kama uyoga. Fanya hivi, nawa mikono kwanza, zungushia kwenye vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, bila mikunjo. Kisha mkono wa upande wa pili upitishe nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, hapo tundu linanyooka, ingiza haraka kabla hakijavimba na USIACHIE, kishikilie na kidole hesabu taratibu mpaka 30. Wengi wanaishia 5.

Kujua kimekaa, mtu akikuangalia usoni asikione kikichomoza. Halafu ongea, sauti yako mwenyewe utaisikia nzito kama uko ndani ya pipa. Jaribio lingine, mashine ikiwa inalia ziba masikio na viganja juu ya vizibo, ukiona kelele imeshuka sana basi vizibo havikuwa vinafanya kazi, toa rudia. Kama ni karibu ile ile, umekivaa.

Na tundu ndogo ipo kweli, vinakuja saizi tofauti, bosi analeta boksi moja kwa watu 9 kama vile wote wana sikio moja. Mimi kulia ni kubwa kuliko kushoto mpaka leo navaa saizi mbili.

Naandika haya yote nikiwa nimechelewa. Nimekaa miaka 14 kwenye mashine za kufuma, sisi kule tulikuwa tunasomana midomo, tunaona ni ujanja wa kazi. Hiyo wiiiii yako ya jioni inayoisha asubuhi nilikuwa nayo. Mwaka mmoja ikaacha kuisha. Sasa hivi sio kwamba sisikii, nasikia sauti ila sipati maneno, s na f na sh zimetoweka, mtu akisema "sita" mimi napata "ita" naanza kuangalia nani kaitwa. Sauti ya mjukuu wangu ndo ngumu kuliko zote kwa vile ni nyembamba. Kwenye kipimo mchoro unashuka kama shimo pale kwenye 4000 hertz, yaani kwenye sauti nyembamba, daktari alivyouona tu akaniuliza ulikuwa kiwanda gani. Vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena.

randa_mbili:

Hiyo ya sita na ita imenigusa kidogo. Binti yangu huwa ananiambia baba unajibu maswali ambayo sijauliza.

nyuzi_usiku:

@randa_mbili nenda kapime ndugu yangu. Kaa mbali na kelele angalau masaa 14 kabla ya kipimo, asubuhi kabla hujaingia kazini ndo vizuri, la sivyo kitaonyesha uchovu wa jana.

msumeno_mrefu:

Mimi ni wa misumeno ya kukatia miti. Navaa vile vikubwa vilivyofungwa kwenye helmeti, na hoja yangu ni moja, kwa kazi ya kuwasha na kuzima hakuna kama hivi. Mashine ikizimwa nainua, ikiwaka nashusha, sekunde moja, na mikono michafu haigusi tundu la sikio. Vya sponji ni vya mtu anayekaa kwenye kelele isiyokatika, anavaa asubuhi anavua mchana. Wewe wa kuvaa na kuvua utaishia kuwasha na usaha.

Ubaya wake ni joto. Jasho linatiririka, na ile mito ya pembeni inayogusa kichwa inakauka inakuwa ngumu inapasuka, hapo kelele inapenya na wewe unaona kifaa bado kizima. Ibonyeze kwa kidole, ikiwa hairudi badilisha, inauzwa yenyewe bila kununua kifaa kipya, mimi nabadilisha kila miezi 6 hivi. Na usiupanue upinde wa kichwani eti upunguze kubana, mwenzetu mmoja aliukunja kwenye goti mpaka ukalegea, akawa amevaa mapambo. Ule mkandamizo ndo unaofanya kazi.

Kuhusu kumsikia mwenzio, kuna vifuniko vya umeme vina maikrofoni nje, mtu akiongea unamsikia kawaida, kelele ikipanda vinaizuia isivuke kama 82 hivi ndani. Vizuri sana, ila bei yake sio ya kusahau juu ya benchi, na betri ikiisha vinabaki vifuniko vya kawaida.

Mzee_wa_Cheche:

Asanteni sana. Leo kijana wa stoo ana iPhone, tumepakua ile programu ya kupima kelele ya hao hao NIOSH, bure. Nikiwa napiga grainda yangu karibu na sikio inasoma 99 mpaka 103. Nikiwa nimesimama tu katikati bila kufanya chochote, 91. Kompresa peke yake ukiwa hatua mbili 88. Mashine ya bomba imegusa 107 nikaona nirudi nyuma.

Sasa @Bi_Kiraka kwa hizo namba nifanyeje, na ile mashine ya bomba je, navaa vyote viwili? Na miwani hujanijibu.

Bi_Kiraka:

Safi, umepima, wengi wanakisia. Mimi bila kipimo huwa natumia urefu wa mkono, kama mtu yuko mkono mmoja kutoka kwangu na inabidi nipaze sauti ndo anisikie, hapo tayari pana kama 85 kwenda juu.

Lengo ni sikioni ibaki kati ya 70 na 80. Ikibaki juu unaumia, ikishuka chini ya 70 umejifungia, na hapo ndo lile swali lako la "zima" linapoingia. Kijana wetu mmoja alivaa sponji kubwa na vifuniko juu yake sehemu yenye kelele ya 88 tu, foklifti ikarudi nyuma huku inalia piii piii, hakusikia hata kidogo, dereva ndo aliyekanyaga breki. Tangu hapo siruhusu mtu kujizidishia. Kwa wewe wa 100 unataka punguzo la kweli kama 20 hadi 25, na hiyo unaipata kwa sponji iliyoingia vizuri au vifuniko vizuri vya wastani. 37 ya nini?

Kwenye mashine ya bomba ya 107 ndiyo, vaa vyote viwili. Ila usijumlishe 30 na 25 upate 55, haiendi hivyo, unapata kama 5 tu juu ya kile kilicho bora, kwa sababu kelele nyingine inapita kwenye mifupa ya kichwa yenyewe. Kwa hiyo mashine ya namna hiyo punguza na muda wa kukaa hapo, mpokezane.

Miwani. Mkono wa miwani ukipita chini ya mto wa kifuniko unaacha upenyo, desibeli kadhaa zinaondoka. Ukiwa mnene na mgumu ndo balaa. Tafuta miwani ya mikono myembamba bapa, na vifuniko vyenye mito laini mipana, halafu fanya lile jaribio la viganja la nyuzi_usiku, linafanya kazi hata hapa, bonyeza vifuniko kichwani kwa mikono, kelele ikishuka ujue palikuwa na upenyo. Nywele, kofia, ndevu ndefu za pembeni, vyote hivyo hivyo.

Na hiyo 91 ukiwa umesimama tu ndo imenishtua kuliko 103. Maana yake hata anayefagia anapigwa, ana masaa mawili tu kwa siku. Mwambie bosi atoe kompresa nje, aijengee kibanda chenye matundu ya hewa, hiyo haidai nidhamu ya mtu yeyote. Sehemu ya wazi kila ukizidisha umbali mara mbili kelele inashuka kama 6, ndani ya bati inashuka kidogo kwa vile inarudi kutoka ukutani, ndo maana nje ni bora. Vipande virefu mnapokata vibaneni kwenye jiliwa karibu na pale pa kukatia, chuma kinachoning'inia kinalia kama kengele. Diski iliyokwisha na beringi inayolia vibadilishwe. Vizibo ni vya kilichobaki baada ya hapo.

gundi_moto:

Naongezea dogo. Kwenye drili ya kusimama au mashine yoyote inayozunguka usivae vile vizibo vyenye kamba ya shingoni, kamba ikinaswa inakuvuta na kichwa. Na kwa wachomeleaji wa juu ya kichwa, cheche kuingia tundu la sikio ni kitu kinachotokea kweli, usikae wazi.

Kingine, kama pale mnapuliza rangi pia, tinner zenye kemikali ya toluene zinaharibu masikio zenyewe, na zikikutana na kelele zinasaidiana. Barakoa ya rangi nayo ni sehemu ya kulinda masikio, watu hawajui.

bomba_nusu:

Vya kuchongewa kwa sikio lako je? Wanamwaga kitu kama gundi laini sikioni, kinaganda, wanatengeneza kizibo cha umbo lako. Navitumia mwaka wa 3, naosha kwa maji na sabuni jioni basi, havina kukosea kuingiza kama sponji. Gharama mwanzo iko juu lakini sinunui boksi kila mwezi.

Bi_Kiraka:

@bomba_nusu ni vizuri kwa mtu wa kila siku, ila vikaguliwe kila baada ya muda, mtu akipungua au kuongezeka mwili na sikio linabadilika. Na kwa Mzee wa Cheche bado, sikio linalowasha lipone kwanza, usiingize chochote humo ndani kwa sasa, vaa vya nje. Na njiti za pamba acha, zinasukuma nta ndani.

Mzee_wa_Cheche:

Narudi kutoa mrejesho, leo siku ya 12. Nimechukua vifuniko vya SNR 28, sio vile vya 37. Miwani nimebadilisha ya mikono bapa. Sponji nimewekewa saizi ndogo, navaa kwenye mashine ya bomba tu sasa sikio limepona, na kweli nikizungushia vizuri na kuhesabu 30 hazitoki, nilikuwa naishia 4 au 5 hivi. Bosi kompresa kakubali kutoa nje, anasubiri bomba la upepo lifike. Kwa "zima" tumekubaliana ishara, mkono kupita shingoni, na mtu akitaka kuongea na mimi anakuja mbele, hagusi bega kwa nyuma.

Sasa kituko. Upande wa kulia ukawa shwari, kushoto kelele inaingia tu. Nikabonyeza kwa kiganja inashuka, nikiachia inapanda. Nikadhani kifuniko kibovu, nikataka kukirudisha dukani, nikageuza mito, nikakaza upinde, wapi. Siku ya 5 yule kijana wa stoo akanitazama akacheka, akanichomolea penseli ya kuwekea alama. Miaka yote naichomeka juu ya sikio la kushoto, mto wa kifuniko ulikuwa umekaa juu yake.

Kipimo cha masikio nimepangiwa Jumatatu asubuhi. Jioni wiiiii bado ipo, ila juzi mara ya kwanza nilisikia saa ya ukutani sebuleni, sikujua kama inatoa sauti.

randa_mbili:

Jumatatu hiyo hiyo na mimi. Penseli yangu naiona hapa, iko sikioni.